Ngano Iliyoota Pembeni

Kopo lilikuwa la maziwa ya unga, na ndani yake kulikuwa ngano ya kupanda. Muke wangu alilibeba mugongoni, amelifunga kwa kitenge kama mutoto, tangu kule kwetu juu milimani, upande wa Kongo, mpaka ziwani, na ndani ya mutumbwi hakulishusha. Wiki ya tatu hapa Nchelenge, ng'ambo ya ziwa, homa ikamuchukua. Tulimuzika. Kopo likabaki, mama yake akabaki, na mimi nikabaki. Naona nimeandika kopo kwanza. Sikutaka hivyo, lakini njo ilivyokuwa siku zile: kitu cha kwanza kukiona asubuhi kilikuwa kopo.

Ilikuwa mwaka wa tisini na tisa, mvua ikiwa bado haijakatika.

Kwetu mutu hasemi na mama mukwe wake. Hamutazami usoni, hali naye, hapiti njia moja naye. Akimuona anakuja, anapisha. Ni heshima, si chuki. Tangu nioe, muke wangu njo alikuwa mudomo wetu. Alitoka nyumba hii kwenda ile na maneno, na nafikiri njiani alikuwa akiyapunguza chumvi, maana yalinifikia yakiwa matamu kuliko sauti niliyoisikia nyuma ya ukuta. Sasa mudomo ule haukuwapo. Kuna waliotuambia kwamba vita iliyotukimbiza imemaliza mambo hayo, tuseme tu. Labda walikuwa na haki. Hatukusema.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Ngano ile ilikuwa mbegu ya kwao muke wangu, fupi, punje nyekundu. Kule juu ghala zilibaki bila mutu, na hakuna aliyejua kama kuna punje nyingine iliyosalia. Na mbegu hailindwi kwa kuifungia. Hapa ziwani kuna joto, kuna fukusi. Ikikaa mwaka wa pili ndani ya kopo, inachoka, ukiipanda haiamuki. Kwa hiyo ilipaswa kuingia udongoni mwaka ule ule, na ikifa udongoni, basi imekwisha. Mama mukwe alijua hivyo. Mimi pia nilijua.

Nyumba zetu mbili za udongo tulipewa na mama mumoja Mubemba, mujane, muuza samaki kavu. Alitupa pia kipande cha dambo, yaani lile bonde linaloshika maji, kati ya nyumba na matete.

“Ngano?” alisema. “Mwe bantu! Hapa mukate unatoka dukani.” Akacheka mpaka akashika kiuno. “Haya, pandeni. Lakini mwezi wa tisa nataka shamba yangu, niweke maharagi.”

Nilimuomba atusaidie kuwa mudomo kati yangu na mama mukwe. Alikataa.

“Awe, mukwai. Mimi ni posta? Tena Kiswahili yangu ni ya samaki tu: bei ngapi, punguza, hii imeoza.”

Alikuwa na bata dume mweupe, muzito, aliyekuwa akilala kivulini kati ya nyumba zetu. Huyo njo akawa posta.

Nililima kipande chote, nikaacha mufereji katikati kama njia, ili nisikanyage pa kupandia. Halafu nikaanza kupima. Baba yangu alinifundisha hivi: unachukua udongo, unaukamata ngumini, unauachia kutoka kiunoni. Ukianguka ukavunjika vipande, panda kesho. Ukibaki bonge, ngoja, maana ngano haipendi kulala majini. Kila asubuhi nilikwenda, nikakamata, nikaachia. Bonge. Kesho yake bonge. Udongo wa hapa, mweusi, ulikuwa unang'ang'ania hata vidole vyangu, nikawa narudi nyumbani na mukono kama wa mufinyanzi.

Asubuhi moja nilimusikia mama mukwe anasema na bata. Alikuwa ameketi, amenipa mugongo, anachambua sombe, majani ya muhogo.

“We bata, unangoja nini? Udongo hii si kama yetu ya kule juu. Kule iko nyekundu, inaachia maji pole pole. Hii ya mweusi, siku ile inaanza kuachia jembe, njo siku yake. Ukingoja ivunjike mukononi, imeshakufa. Lakini we bata, utasikia wapi? Kichwa yako iko ndani ya manyoya.”

Bata akageuza shingo, akaendelea kulala.

Nilielewa maneno ni yangu. Nilitoka nyuma ya mulango wangu, nikamwambia bata, nikitazama ziwa:

“Bata, umwambie aliyekuambia, mwaka juzi kule tulipanda mapema, mvua ya mwisho ikaja, ikaozesha nusu. Jembe si kipimo. Jembe yangu ni mupya, inaachiwa na kila kitu.”

Sikusema kwa hasira. Nafikiri sikusema kwa hasira. Na ni lazima niandike pia hili, ili mutu asidhani nilikuwa mujinga tu: siku mbili baadaye mvua ilikuja kweli, kubwa, kutoka upande wa Puta, na maji yakasimama shambani toka asubuhi hadi karibu jioni. Kama tungepanda siku ile aliyoitaka yeye, nadhani mbegu ingeoza. Nilifurahi. Ulikuwa mwezi na zaidi sijafurahia kitu, na nilichokifurahia kilikuwa kwamba mama ya muke wangu alikosa.

Mvua ilikatika. Siku ya tatu nikamusikia tena, taratibu, bila muzaha.

“Bata, sasa. Leo ao kesho.”

Nikaenda, nikakamata, nikaachia. Bonge. Jembe lilikuwa linatoka safi. Hilo nililiona kwa macho yangu, siwezi kukana. Nikafikiria baba, ngumi yake. Baba hakuwahi kulima udongo mweusi maisha yake yote. Hilo sikulifikiria siku ile, nalifikiria sasa nikiandika. Nikangoja.

Halafu upepo wa kiangazi ukaanza kutoka kusini, mukavu. Ulipiga siku nne. Siku ya kwanza udongo ukawa bonge, ya pili bonge. Siku ya tatu ukaanza kupasuka nyufa za kuingia kidole. Siku ya nne nikachukua, nikaachia, ukavunjika. Ulivunjika kama tofali, kwa sauti. Nilijua mukononi kabla haujafika chini kwamba tumechelewa. Lakini kwa kuwa ulivunjika, nikamwambia bata: “Kesho tunapanda.”

Mama mukwe alikuja na kopo. Kwetu mwanamuke njo anatupa mbegu, mwanaume anafunika. Alitembea mbele, mimi nyuma mbali, macho kwenye jembe. Nilisikia punje zinaanguka juu ya mabonge, na nyingine zinaingia katikati yake kama mahindi kwenye meno ya muzee. Nilifunika vile nilivyoweza. Alizitupa zote. Alipomaliza akaligeuza kopo, akaligonga chini mara mbili, na punje moja ikatoka.

Halafu tulianza kubeba maji ziwani, kwa ndoo. Mimi nilipita mufereji wangu wa katikati. Yeye hakuweza kupita pale, maana ni njia ya mukwe wake, kwa hiyo alipita pembeni, upande wa matete. Pembeni kule hakukuwa na njia. Alipita juu ya mbegu yenyewe, pekupeku, ndoo kichwani, kwenda na kurudi, asubuhi na jioni, siku tisa za kwanza. Niliona nyayo zake zinalaza udongo, zinaugandamiza mpaka unang'aa. Iliniuma. Mbegu chache tulizo nazo, na anazikanyaga! Lakini kumwambia ningemwambiaje? Nilimwambia bata.

“Bata, kuna batu banakanyaga mbegu ya marehemu.”

Mama mukwe alisimama. Alikuwa na ndoo kichwani, maji yakamumwagikia begani. Akamwambia bata:

“Basi anipe njia.”

Alikuwa na haki. Ningeweza kumuachia mufereji, mimi nikapita kwingine. Sijui kwa nini sikufanya. Nadhani nilikuwa nimechoka kupisha.

Siku ya kumi hakukuota kitu. Ya kumi na moja, hakuna. Nilichimbua kwa kidole katikati ya shamba, nikakuta punje imelala kavu ndani ya nafasi kati ya mabonge mawili, nyekundu vile vile, kama bado iko ndani ya kopo. Niliirudisha. Nikaenda kukaa kwangu, sikubeba maji jioni ile. Yeye alibeba.

Asubuhi iliyofuata yule mama mwenye nyumba aliita kwa sauti, anacheka.

“Njoni muone! Ngano yenu imevaa viatu!”

Pembeni, upande wa matete, kulikuwa na majani. Yalikuwa machache, membamba, na hayakuwa mustari wa kulima. Yalikuwa vikundi, hatua moja, nafasi, hatua moja, nafasi, mpaka mwisho wa shamba. Kila kikundi kilikuwa urefu wa muguu wa mwanamuke. Pale aliposhindilia, punje ilikutana na unyevu uliobaki chini. Katikati, pale nilipochunga nisikanyage, palikuwa peupe. Labda ni maji ya ndoo yaliyomwagika pembeni ndiyo yalifanya kazi. Yeye ni mufupi, ndoo yake humwagika. Sijui ni miguu ao ni maji. Naandika yote mawili.

Nilitazama. Nilitaka kulia na machozi hayakuja. Mama mukwe alisimama mwisho mwingine wa shamba, naye anatazama chini.

Jioni ile nilimuachia mufereji. Hakuutumia. Alirudi kupita pembeni, safari hii nje kidogo, karibu na matete, asiyaguse majani.

Baridi ya mwezi wa sita ilisaidia. Ndege walikula. Mwisho wa mwezi wa munane tulivuna kwa mikono, kila mutu upande wake, na masuke yote yaliingia katika kitenge kimoja, kile kile cha muke wangu. Bata hakuwapo tena. Aliuzwa kwa mutu aliyekuwa akienda Chisenga. Kwa hiyo hakukuwa na wa kusema naye.

Mama mukwe alipepeta, akamimina ndani ya kopo, akaliweka chini kwenye kivuli pale bata alipokuwa akilala. Hakuondoka. Alinigeuzia mugongo, akasema kwa wingi wa heshima, na hakutaja jina la mutu wala la munyama:

“Mwaka unaokuja, nanyi mukanyage.”

Nilikuwa nimeshika ufagio. Nilimutafuta bata kwa macho, kweli, nilimutafuta.

“Ndiyo, mama,” nilisema.

Alikwenda zake. Nilifungua kopo, nikatia kidole ndani kupima. Lilipotoka kule juu lilikuwa limejaa mpaka ukingoni. Sasa lilipungua vidole viwili. Kimoja nadhani ni cha ndege. Nililifunika, nikalifunga kitenge, nikalipeleka mulangoni kwake, nikaliacha, nikapisha.