Bahati Iliyopimwa kwa Vyura

Mimi ni mtu wa nyumbani. Majirani zetu hapa Ujiji wakitaka kunichokoza huniuliza ziwa liko upande gani. Kidato cha nne nilimaliza, ila hesabu yangu ilikuwa ya kuhurumiwa, kwa hiyo sijui nani alinituma kufanya utafiti.

Tulikuwa tunacheza mchezo mmoja wa mtandaoni kwenye simu: mimi, kaka yangu, mke wake, na kundi la wavuvi wenzake wa kule Mwamgongo wanakoishi. Kila mhusika ana pointi za kugawa. Kuna Nguvu, kuna Uponyaji, na kuna moja tuliyoiita Bahati, ambayo mchezo wenyewe hausemi inafanya kazi gani. Kundini watu walibishana mpaka wakanuniana. Nikasema, ngojeni niwapimie.

Nikaunda wahusika wawili. Mmoja nikampa pointi zote za Bahati, mwingine sikumpa hata moja. Wote niliwapeleka bwawa moja, kila mmoja kwa wiki yake, wakaue vyura mia mbili. Chura akifa huenda akaangusha kito, na anayewahi ndiye anayeokota. Nilivyookota nikaviandika kwenye daftari. Wiki mbili, mchana kutwa, mama akifagia kunizunguka kama kabati. Mwenye Bahati akapata vito arobaini na kimoja, mwenzake kumi na tisa. Nikatangaza kundini kama mtu aliyegundua dawa: wekeni zote kwenye Bahati!

Siku chache baadaye wifi akaja na boti kusukwa nywele na kutumia mtandao wetu, maana wa kwao unakuja na kuondoka. Kwenye mchezo alikuwa na hati ya kufuta pointi na kuzigawa upya. Kila mchezaji hupewa moja tu; yangu niliitumia kitambo bila kumwambia mtu. Mhusika wake, mganga aliyemlea tangu mwaka juzi, alikuwa amejazwa Nguvu kwa ujinga wa siku za mwanzo. Sasa alitaka kumrekebisha: Uponyaji au Bahati? Akikosea tena, basi.

"Mtafiti, lete daftari," alisema, "nilione kabla sijamwua mganga wangu."

Akalisoma pamoja na tarehe. Kidole kikasimama.

"Wifi, huyu wa Bahati ulimpima wakati wa giza, mwezi haupo. Kaka yako na wenzake usiku walikuwa wanavua, mchana wamelala kama magogo. Bwawa lote lako."

"Na huyu mwingine?"

"Mbalamwezi! Dagaa hawavuliki, wanaume wote wako nyumbani wameshika simu. Mume wangu mwenyewe alikuwa hapo bwawani, anakuokotea vito vyako. Wewe umepima mwezi, mama."

Nimezaliwa hapa. Nimekula dagaa maisha yangu yote. Nikalifunga daftari.

Tukapima upya. Tukaingia na wale wahusika wangu wawili kwa pamoja, simu yake na yangu, vyura mia kwa kila mmoja, tukihesabu vito vilivyoanguka hata kama kaokota mwingine. Chai ikapoa. Wifi alihesabu ishirini na viwili, mimi ishirini na kimoja, na mwenye Bahati nilikuwa mimi.

"Waambie," akasema wifi.

Nikaanza: "Ndugu wanakundi, kufuatia uchunguzi wa kina..." Akaninyang'anya simu, akafuta, akaandika: "Bahati haina kazi. Nilikosea. Msiguse pointi zenu."

Wa kwanza kujibu alikuwa kaka: "Mimi jana nimeshaweka zote. Hati nimetumia. Askari wangu sasa anapigwa na sungura."

Tulicheka, kisha mimi nikaacha kucheka. Wifi aliishika simu yake akimtazama mganga wake, hati ikimetameta pembeni. Halafu akafungua sehemu ya zawadi, akachagua jina la mumewe, akatuma.

"Wifi! Na mganga?"

"Ataponya hivyohivyo, polepole." Akajifunga kanga upya. "Mwambie imetoka kwako. Yule akinuna, dagaa hamletewi."

Nikaandika hivyo. Kaka akanishukuru mbele ya kundi zima, akasema ndugu ni ndugu. Wa kwanza kunipigia makofi pale kundini alikuwa wifi, ameketi ubavuni kwangu, hata hanitazami.