Ufunguo wa Pili

Shemeji yangu, mume wa marehemu dada yangu, ni fundi wa kufuli. Mtaa mzima unamwita Komeo, na jina limemkaa. Kibanda chake kina upana wa meza moja. Hapo hushinda na tupa yake akichonga funguo za watu, na vumbi la shaba limeingia kwenye kucha zake hata sabuni imesalimu amri. Mteja akitaka ufunguo mmoja, Komeo humhimiza achongeshe na wa pili, ampe ndugu au jirani. Wa kwake mwenyewe hakuwahi kuchonga wa pili.

Dada alipofariki, aliongeza kitasa mlangoni. Baadaye akaweka komeo la chuma kwa ndani, kisha jingine. Nikamuuliza anaogopa wezi gani, maana chumbani mna kitanda, redio na sufuria mbili.

"Shemeji," akanijibu, "kilichoibwa kimetosha."

Kusali nako aliacha. Alisema alimwombea mkewe mpaka magoti yakaota sugu, akajibiwa kwa jeneza. Chumba changu kiko jirani na chake, na kila jioni nilikuwa nayasikia makomeo yake yakigonga, moja baada ya jingine, halafu kimya. Mtu mzima anajifungia na upweke wake kana kwamba kuna mtu anautaka. Ilinikera, na iliniuma pia.

Asubuhi moja aliinama kuvuta viatu chini ya kitanda, mgongo ukakaza. Akashuka sakafuni na hakuweza kuinuka wala kutambaa. Mimi nilikuwa sokoni kwenye meza yangu ya vitunguu. Haya alinisimulia mwenyewe baadaye.

Alisikia watu wakipita nje ya dirisha, lakini hakuita. Fundi wa kufuli kunaswa na kufuli zake, mtaa ungecheka mpaka mbavu ziume. Na kwa mlango ule, nani angeingia? Alijaribu kujivuta, akashindwa. Kiu ikamshika. Jua lilipohamia upande wa pili wa chumba ndipo akaogopa kweli: kwamba angefia pale, na majirani wangejua kwa harufu.

Alilia. Kisha akasema maneno ambayo hakuwa ameyatamka tangu tumzike dada. "Mungu, nimejilinda mpaka nimeshindwa. Nishike wewe. Ukinichukua sawa, ukiniacha sawa."

Anasema hakuona nuru wala hakusikia sauti, na mgongo uliendelea kuuma vilevile. Ila hofu ilimtoka, na aibu ikatoka nayo. Basi akaanza kuita.

Nilikuwa narudi kutoka sokoni na kikapu changu, nikamsikia. "Shemeji, niko chini, siwezi kuinuka." Nikaenda mbio kumwita seremala jirani. Akaukagua mlango, akausukuma kwa bega, akatikisa kichwa.

"Mzee, hapa siingii bila kuuharibu."

Nilijua jibu litakalokuja. Komeo ndiye aliyewahi kunifokea kwa kuuegemea tu mlango huo. Sauti ikatoka sakafuni, ya chini, bila hasira.

"Vunja."

Mgongo ulipona polepole. Mlango sasa una kitasa kimoja, na mashimo ya makomeo ameyaziba kwa vipande vya mbao. Dada hajarudi, na jioni bado namkuta amekaa peke yake, redio imezimwa. Upweke hauishi kwa sala moja. Lakini anasali, na anasema siku hizi usingizi unamjia.

Juzi alikuja kwangu amefumba kiganja. Akakifumbua: ufunguo mpya, bado unang'aa.

"Wa pili," akasema.

Nikamtania, maana ni shemeji yangu na ni haki yangu. "Na nikifungua nikukute umekufa?"

Akaniwekea ufunguo mkononi.

"Basi si utakuwa umenikuta, shemeji."