Ukoko wa Mkwe

Bukari, ugali wetu, ikishika chini ya sufuria, sikimbilii kuzima moto. Ninasimama kwanza, ninanusa.

Mama mdogo alikuwa ameleta mchumba kutoka Tanzania. Viza yake ilikuwa ya mwezi mmoja tu, na ndoa ya serikali, kwenye ofisi ya komini, ilikuwa Jumatatu, kabla viza haijaisha. Kwetu mkwe na mama mkwe hawaonani uso kwa uso, lakini yeye nani angemwambia? Asubuhi moja aliingia jikoni akitabasamu, aje amsaidie bibi yangu, mama mkwe wake, kupika. Bibi kuona viatu vyake mlangoni, akauacha mwiko ndani ya sufuria, akatoka mlango wa nyuma amejifunika kitenge usoni.

Mama mdogo akaanza kulia. "Basi, njo imeisha. Sasa mama hatakubali."

Bukari ilikuwa inaanza kuungua. Mgeni akaushika mwiko.

Nyuma ya ukuta wa matofali, sauti ya bibi: "Mutoto! Mwambie akoroge na nguvu!"

Nikazunguka mbio, nikamwambia, ingawa alikuwa amesikia vizuri.

"Mwambie mama, samahani sana," akasema, jasho likimtiririka, moshi umemjaa machoni.

Nikazunguka tena. Bibi alikuwa ameegemea ukuta, pua juu, ananusa. Ndani, mama mdogo akaacha kulia, asikilize.

"Mwambie siku ya ndoa, Lundi, nitafika komini. Nitasimama mbali," bibi akasema. "Na ile ukoko asipatie muntu. Iko yangu, ya minyi."