Pua ya Nkambo

Lutuku, pombe kali inayopikwa kwetu, ina harufu ya mahindi yaliyochacha na moshi, na mtu aliyeinywa hubaki nayo mdomoni hata akioga ziwani, hata akitafuna tangawizi mpaka machozi yamtoke. Najua hayo kwa sababu nilifundishwa nikiwa bado na meno ya utoto. Bibi yangu mzaa mama, tuliyemwita Nkambo, alinipa kazi ya kumnusa baba yangu. Niliifanya kiangazi kizima, huko Kalemie, katika nyumba iliyokuwa juu kidogo ya mchanga wanakoanika ndagaa, miaka ile ambayo bado tuliitwa Wazairi na Jumamosi asubuhi watu walitolewa majumbani kwenda salongo, kufagia barabara na kuzibua mitaro. Watoto wengine walitumwa maji. Mimi nilitumwa kunusa.

Mama na mimi tulikuwa tumehamia kwa Nkambo kwa sababu ya kinywaji hicho. Baba alikuwa mvuvi, mtu aliyeshuka kutoka pwani ya kaskazini ya ziwa na kuoa kwetu. Akiwa mzima alikuwa mpole, mwenye kuimba akishona nyavu, na nilimpenda sana. Akilewa nilimwogopa. Siku moja alimsukuma mama, mama akaangukia jiwe la kusagia, na tangu hapo vidole vya mkono wake wa kushoto havikukunjika tena vizuri. Nkambo alikuja kutuchukua kesho yake, akabeba godoro letu kichwani yeye mwenyewe, akapita katikati ya soko ili kila mtu alione. Sasa baba alikuwa ameleta habari kwamba ameokoka, na kwamba anaomba mke wake arudi. Lakini kwetu mama mkwe na mkwe wake hawakaribiani. Hawapeani mkono, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja hupita pembeni. Nkambo hangeweza kumkaribia mkwe wake hata kwa kumchunguza, na mama alikataa kumkaribia. Basi ikabaki pua yangu.

Ni haki niseme kwamba Nkambo alikuwa na sababu. Baba alikuwa ameokoka mara nyingi. Aliwahi kuanguka kifudifudi kwenye mkutano wa injili karibu na bandari, akalia hadi watu wasiomjua wakalia naye. Aliwahi kubatizwa ziwani, akatoka majini akicheka na kutukumbatia akiwa amelowa. Aliwahi kupasua kikombe chake cha lutuku mbele ya wazee wa kanisa, na vipande tukavifagia sisi. Kila mara mama alirudi nyumbani na vyombo vyake, kila mara kulikuwa na majuma ya amani na nyimbo, kisha ile harufu ya tangawizi ikaanza. Tangawizi ilikuwa mbaya kuliko lutuku yenyewe. Ilimaanisha amekunywa na anadhani sisi ni wajinga.

Mara hii hakulia, na hilo ndilo lililomtia Nkambo wasiwasi. Mchungaji alipoita wenye kutubu wajongee mbele, baba alibaki kwenye benchi la nyuma, lile la waliowekwa chini ya nidhamu, wasioruhusiwa Meza ya Bwana mpaka wazee waridhike. Wengi waliopelekwa pale waliona aibu wakahamia kanisa lingine. Yeye aliketi pale kila Jumapili, kofia juu ya magoti, akaimba taratibu. "Mulevi mwenye kulia namujua," Nkambo alisema. "Huyu mwenye kunyamaza, simujui. Kuna kitu anapanga." Alidhani baba anataka kutupeleka kwao kaskazini tusionekane tena. Kesho yake alidhani amepata mwanamke mlimani na anatafuta sifa njema. Nami nikaambukizwa shaka yake. Siku moja baba aliacha Biblia yake juu ya jiwe, nikaifungua nione kama kuna kurasa zilizochanwa, maana karatasi zake nyembamba zilipendwa na wavuta tumbaku. Zilikuwa zote, mpaka Ufunuo. Nikamwambia Nkambo kwa furaha. Akasema, "Basi haisome."

Zaidi ya hayo, baba alikuwa akigeuza ndagaa. Kwetu wanaume huvua usiku kwa taa na wanawake huanika asubuhi. Mwanamume aliyemaliza kuvua huenda kulala, naye akionekana ameinama mchangani kati ya wanawake, watu humcheka au humshuku. Baba alitoka ziwani suruali ikiwa bado mbichi, akaja moja kwa moja kwenye sehemu ya mama, akaanza kugeuza kuanzia upande wa kushoto, upande ambao mkono wa mama ulichelewa. Hakumsemesha. Mama naye alihamia upande wa pili, akageuza bila kuinua kichwa, na wakawa wanakaribiana kadiri kazi ilivyopungua, kisha kabla hawajakutana baba aliondoka. Wanawake walicheka hadi wakachoka. Nkambo alinituma nikague beseni letu kwa macho, kama hakuna samaki anayepungua.

Kila jioni baba alirudi kusalimia. Alisimama nje ya ua, Nkambo akakaa nyuma ya ukuta wa jikoni, na wote wawili walizungumza kupitia kwangu ingawa walisikiana kila neno. "Umuambie ule bwana, kiti hakiko." Nilimwambia. "Umuambie Nkambo, kusimama kunatosha." Nilirudi kumwambia. Kisha nilienda kumsalimia, naye alijua nimetumwa nini. Hakujifanya hajui. Aliinama mpaka uso wake ukafika kwenye wangu, akafungua mdomo na kupumua. "Nusa, mama," alisema, maana jina langu, Riziki, lilikuwa la mama yake mzazi na aliniita hivyo. Niliona aibu kubwa, nikanusa. Nikirudi, Nkambo aliuliza, "Inanuka nini?"

"Sabuni."

"Na nyuma ya sabuni?"

"Samaki."

"Tutaona," alisema, kwa sauti ya mtu aliyenyimwa kitu.

Kisha zikaja siku za mbalamwezi. Wavuvi wa ziwa letu wanazijua na wake zao wanaziogopa. Mwezi ukiwa mpevu ndagaa hawaifuati taa, kwa hiyo mitumbwi inapumzika, wanaume wanashona nyavu na wasipokuwa na nyavu za kushona wanapanda mlimani kwa wapika lutuku. Mama alikuwa uani akijaza magunia ya ndagaa wakavu waliosubiri gari-moshi la Kabalo. Jua lilikuwa bado halijazama nilipomwona baba akija, si kutoka ziwani, bali kutoka juu. Alitembea vizuri, polepole mno. Nilimtazama mdomo: hakuwa akitafuna kitu. Alisimama mahali pake, akainama kama siku zote, lakini hakupumua. "Leo utaisikia, mama," aliniambia. "Ni lutuku. Enda uwaambie."

Nilibaki pale. Nilitaka turudi nyumbani kwetu kuliko nilivyotaka kitu chochote duniani, na nilijua neno langu moja lingefunga njia. Nilimchukia kwa kunywa, na nilimchukia zaidi kwa kunipa mimi kazi ya kulisema. Hakunibembeleza, wala hakunikazia macho ya kuomba huruma. Nilienda nyuma ya ukuta, nikasema, "Amekunywa."

"Umenusa?"

"Amesema mwenyewe."

Nkambo aliweka chini mwiko wake. Aliniuliza tena, nikarudia yaleyale. "Mwenyewe," alisema. Kisha shaka ikamrudia, "Hii njo akili mupya ya kutudanganya." Lakini mama alikuwa ameacha gunia. Alivuka ua, akasimama mbele ya baba, kwa mara ya kwanza tangu tuhame. "Umekuja kufanya nini hapa, na umekunywa?" aliuliza. Baba alijibu akitazama miguu yake kwamba kama angelala kwanza, kesho angeamka na uongo tayari, na angeanza tena maisha yale. Mama hakulia, wala hakumgusa. Alimwambia aende akalale. Baba alipokuwa ameshageuka, sauti ya Nkambo ilitoka nyuma ya ukuta, ikiwa kali kama kawaida: "Riziki, umuambie kesho asichelewe. Magunia ni mazito."

Hakuchelewa. Jumapili aliwaeleza wazee wa kanisa, nao wakamwongezea muda kwenye benchi la nyuma, akakaa. Mvua za kwanza zilipoanza, mama alikunja nguo zetu na kusema tunarudi. Mjomba wangu alimwita baba mbele ya watu wa ukoo, akamwambia kwamba mkono ukiinuka tena, hatapata mke wala mtoto. Haukuinuka. Lutuku alikunywa tena, sitadanganya, zaidi ya mara moja, na kila mara alisimama nje akasema kabla ya kuingia, akaenda kulala mtumbwini. Nafasi kati ya mara na mara ikawa ndefu, halafu siku moja tukatambua kwamba hatukumbuki ya mwisho. Nkambo alimshuku mpaka alipokufa. Baba ndiye aliyechimba kaburi lake, na hakuruhusu mtu ampokee jembe.

Siku hizi Kalemie ina makanisa yenye vipaza sauti kila kona, na Jumapili unaweza kusikia shuhuda nne kwa pamoja bila kutoka kitandani. Mtu anapanda jukwaani kwa suti, anaeleza alivyokuwa jambazi, mlevi, mchawi, kisha siku moja, saa moja, yote yakaisha, na watu wanapiga vigelegele. Mimi ninakaa na mikono kifuani. Toba inayopendeza hivyo hunitisha. Baba hakupanda jukwaa lolote. Alizikwa akiwa mshirika wa kawaida, na wapo waliokuja msibani kuona tu kama kweli aliacha. Mwaka jana, baada ya ushuhuda mmoja mrefu, nilimuuliza mama, ambaye sasa ni mzee na anasikia kwa shida, aliwezaje kumwamini baba hata akakubali kurudi. Nikamwambia pia ukweli wangu, kwamba mimi nisingerudi, na binti yangu nisingemruhusu.

"Uko na haki," alisema. "Na nani alikuambia nilimwamini?" Alinyoosha mkono wake wa kushoto juu ya goti, akavuta pumzi. "Zile mara zingine zote nilirudi kwa mutakatifu, nikafika nyumbani nikakuta mulevi. Ile mara nilirudi kwa mulevi."