Mkojo ulisema kidogo, sindano ya figo ikasema yote

Wakuu, salamu kutoka Eldoret. Shule niliiachia njiani, makosa mtanivumilia. Uongo sitaandika.

Kitambo, hata sijaoa, kaka yangu mkubwa Wanyonyi alichinja mbuzi ya harusi huko Soy. Akasoma matumbo vile wazee wetu husoma, akatangaza, "Leo mvua hakuna."

Bibi harusi aliingia kanisani akidondoka maji kama kuku aliyenyeshewa. Hata pasta alivua viatu.

Sasa huyo ndiye alikuwa daktari wa boma letu.

Ile vita ya baada ya uchaguzi ilipotufukuza kwetu Kiplombe, tulilala nje kwa kanisa. Msichana wangu Nekesa akaanza kuumwa na viungo. Kaka akasema ni baridi. Mashavu yakawa mekundu, eti moshi. Nywele zikang'oka, eti mawazo.

Tuliporudi nyumbani, miguu ikafura kidogo. Hospitali wakapima, wakasema lupus, yaani mwili unajipiga wenyewe. Mkojo ulikuwa na protein kidogo na damu kidogo. Kipimo cha figo kwa damu kilikuwa sawa.

Daktari akasema hiyo haitoshi, figo inaweza kuungua ndani na lab isioneshe. Anataka biopsy: sindano mgongoni, atoe kipande cha figo.

Kaka akaruka. "Pressure sawa, damu sawa, mnamdunga ya nini?"

Nekesa akamwangalia kutoka kitandani. "Baba mkubwa, wewe mbuzi unapasua tumbo yote ndio ujue kama kutanyesha. Mimi daktari anataka kauzi tu ka figo."

Wadi yote ikacheka. Akaweka sahihi mwenyewe.

Majibu yakarudi class four, yaani lupus imeshambulia figo vibaya. Vichujio vya figo zaidi ya nusu vilikuwa vinaungua, na mkojo ulikuwa unatuambia "kidogo". Akaanzishwa dawa kali, sura ikavimba, tukamwita Andazi. Leo ana watoto wawili, na figo ni zake.

Kwa hivyo wakuu, lab nzuri isikufurahishe mapema. Daktari akitaka kuangalia ndani, muulize maswali, lakini usimkimbie. Wenye mmefanyiwa, hiyo sindano iliuma aje? Nekesa anasema ni kama teke ya ng'ombe. Mimi naona anajisifu.

Na kaka? Majibu yakisomwa alikuwa amesimama kwa mlango. Akavaa kofia, akasema anaenda kutuletea chai, tusitoke.

Tulingoja mpaka wageni wakafukuzwa. Hiyo wadi hakuikanyaga tena.