Somo la Uso kwa Wasioona

Siku yangu ya kwanza kazini, Butembo, mtaani Kimemi, direkta wa kituo cha wasioona alinifunga kitambaa machoni, akanisimamisha mbele ya wanafunzi wake na kuniambia nijitambulishe. Nilikuwa nimemaliza sekondari tu. Kabla sijafika mbali, darasa lilicheka.

"Unazungumuza na dirisha," direkta alisema. "Batu biko huku. Na mikono unaificha sababu gani? Umeiba?"

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa kufundisha vipofu kusema mbele ya watu. Sikuiamini kazi yenyewe. Nilidhani direkta anatafuta namna ya kuwapendeza wageni waliokuja na magari na kamera. Alikuwa mtu wa kanisa, mkali, asiyecheka na mtu, na hadi leo sijui kama nilimdhania vibaya.

Kwa ninyi mnaoanza kazi hii, tulifanya hivi. Kwanza tuliondoa kuyumba, yaani kule kupeleka mwili mbele na nyuma ambako wengi waliokua bila kuona huwa nako pasipo kujijua. Mwanafunzi alisimama visigino vikigusa ukuta mpaka mwili uzoee kutulia, kisha tukamsogeza mbele. Baadaye tuliingia katika kuelekeza uso. Ukitega sikio, wasikilizaji wanaona shavu lako. Ni pua unayoipeleka kwenye sauti. Mikono ilituchukua muda zaidi. Asiyewahi kuona mtu akionyesha ukubwa wa kitu hajui kwamba mikono nayo husema. Tulimpa kikapu akishike, tukakitoa taratibu, mikono ikabaki palepale.

Sikupenda kukaa mahali pamoja, na direkta alilijua hilo. Alinituma Kamango, kisha Beni, na mwisho, miaka mingi baadaye, Mangina. Huko, tangu ugonjwa ule wa Ebola, mgeni mwenye somo la bure alitazamwa kama mtu anayeficha kitu. Kwa magari ya wageni niliyoyaona njiani yakija na kuondoka, sikuwalaumu.

Mangina nilimfundisha Mama Masika, mjane ambaye hakuona tangu utoto. Mumewe alimwachia shamba la kakao. Shemeji yake, Paluku, alilitaka. Alimwambia shefu wa mtaa kwamba kipofu hawezi kulinda kakao. Shefu akawaita wote wawili waje kusema mbele ya watu. Masika alijua kwamba akisema vibaya siku hiyo, shamba limekwenda.

"Mwalimu, unasema uso yangu iko inaangalia chini," aliniambia. "Mimi siione. Nitakuamini juu ya nini?"

"Uliza mwengine."

"Nitauliza."

Na aliuliza kweli. Kila baada ya somo aliwaita majirani wake, mmoja mmoja, ili wasisikie majibu ya wenzao, akawaonyesha alichojifunza. Maneno yao yalipopishana na yangu, tulirudia.

Siku ya shauri alisimama bila kuyumba. Shefu alipouliza, uso wake ulimwendea shefu. Paluku alipokohoa, ulimgeukia Paluku. Alieleza jinsi anavyoitambua kakao iliyoiva kwa kuigonga na kidole, na mikono yake ikalichora lile tunda hewani. Watu wakaanza kunong'ona. Nilidhani wanamsifu.

Paluku akasimama. "Shefu, banatudanganya. Uyu mwanamuke iko anaona. Mutazame vile ananikazia macho. Ni hawa batu ba santre ya vipofu balimufunza kututega."

Wengi waliitikia. Mzee mmoja akataka niulizwe nani ananilipa. Niliona kisigino cha Masika kikirudi nyuma kutafuta ukuta usiokuwepo.

Shefu hakuwa na haraka. "Paluku, ulikuya kwangu ukasema hawezi kulinda kakao sababu haone. Leo unasema anaona. Chagua moja."

"Shefu, mimi nilisema..."

"Nilisikia. Kakao ya musimu huu, nani aliivuna?"

"Ni yeye."

"Basi ikaa chini."

Shamba likabaki kwa Masika. Nilirudi kumtembelea baadaye nikitegemea shukrani, nikamkuta amekasirika.

"Moto hazinipishe tena," alisema, akimaanisha pikipiki. "Nikisimama pa barabara, vijana banasema: mama, pita, si unaona? Ku soko banapitisha vidole mbele ya macho yangu, naskia upepo yake. Fimbo? Kila mutu wa shamba iko na fimbo."

"Sasa nifanye nini, mama?"

"Nifunze vile kipofu anaonekana. Ya barabarani tu. Ku mukutano nitabakia hivi."

Tulienda ukingoni mwa barabara. Nilimwambia ashushe kidevu, anyooshe mkono mbele, atege sikio ili shavu lionekane. Yote niliyomwondolea nikamrudishia. Jirani yake alikuwa akipita, Masika akamsimamisha.

"Jirani, niko aje?"

"Unahurumisha."

"Mwalimu amesema kweli, basi," alisema, akavuka. Pikipiki iliyokuwa inakuja ikasimama.

Sikufundisha tena baada ya Mangina. Nimevuka arobaini, nazunguka kati ya Beni na Butembo kwa biashara ndogo, na kila nikipita Kimemi nakumbuka kicheko cha darasa lile. Wakati mwingine namkuta msemaji kipofu amesimama wima mbele ya watu, uso umewaelekea, mikono nayo inasema, wanampigia makofi. Mimi huwa sipigi bado. Nangoja mkutano uishe, nimwone akivuka barabara.