Dada Aliyekatazwa Moto

Nikiwa mtoto kule Mjimwema, mtu mmoja tu nyumbani kwetu alikatazwa kukaa karibu na moto, naye ni dada yangu Vero. Anayeijua Njombe mwezi wa sita anajua hiyo ni adhabu gani. Sisi wengine tulibanana kuzunguka mafiga jikoni kwa bibi, tunaota moto na kula viazi, Vero yuko mlangoni na blanketi lake, meno yakigongana. Alikuwa na kifafa. Bibi, mama yake baba, alikuwa akituambia kwamba mwenye kifafa anaweza kupona, ila akishaangukia moto basi, ugonjwa umefungwa humohumo na hakuna dawa ya kuutoa. Hakumkataza kwa ubaya. Alimpenda Vero kuliko sisi sote, na jambo hilo lilikuwa likiniudhi.

Siku moja mchana bibi alitoka kwenda kuanika mahindi, na Vero akaingia jikoni kupasha vidole. Nilisikia sufuria likianguka. Nilimkuta anatetemeka mwili mzima, mkono wa kushoto uko ndani ya makaa. Nilimshika miguu nikamvuta huku nikipiga kelele. Aliungua kuanzia kiganja mpaka karibu na kiwiko.

Kidonda kilitibiwa zahanati, kikaanza kukauka, lakini watu wetu walikuwa wameshakata tamaa. Majirani walikuja kutoa pole kwa sauti za msibani. Baba akasema Vero aache shule, apumzike tu nyumbani. Bibi alilia, akamwomba mama asimsumbue tena mtoto kwa kumzungusha huku na huku. Mama alikuwa anapepeta maharage, wala hakuinua uso.

"Mama, nimekusikia," alimjibu. "Lakini huyu nimemtafutia dawa tu. Daktari sijamtafuta bado."

Ilikuwa kweli. Vero alikuwa ameshakunywa mizizi ya kila aina na vidonge vya dukani. Tulishapita hata kwa daktari mmoja aliyeandika dawa kabla mgonjwa hajakaa kitini. Sasa mama, aliyekuwa akiuza mboga sokoni, akaanza kuuliza watu. Hakuuliza daktari gani ana jina. Aliuliza nani ana mgonjwa wa kifafa nyumbani ambaye siku hizi haanguki. Wengi walimkwepa, maana ugonjwa huu watu huuficha. Mwishowe mwanamke mmoja wa Uwemba, muuza viazi, akamvuta nyuma ya magunia na kumnong'oneza habari za mwanawe. Alimtaja daktari bingwa wa magonjwa ya ubongo na mishipa ya fahamu, mama mtu mzima aliyekuwa akija Makambako kila mwezi. Mama akataka kujua anatibu vipi.

"Anauliza maswali mpaka unachoka," yule mwanamke alisema.

Mama alirudi nyumbani akatangaza kwamba amempata.

Tulipanda basi la asubuhi, sisi watatu. Mimi nilichukuliwa kwa sababu nililala kitanda kimoja na Vero na nilimwona akianguka kuliko mtu yeyote. Kabla hatujatoka, mama alimvalisha dada sweta la mikono mirefu, akatuonya tusitaje moto hata kidogo. Hapo ndipo nilipojua kwamba naye anaogopa. Aliogopa daktari akiona kovu atasema tumechelewa.

Daktari aliuliza kweli. Anaanguka ghafla au anaduwaa kwanza? Mkono upi unaanza kutetemeka? Mama alipokwama nilijibu mimi, nikajisikia mkubwa. Kisha daktari akataka kumpima Vero presha, akamwambia akunje mkono wa sweta. Vero akamtazama mama. Mama akalivuta sweta yeye mwenyewe.

"Ameungua," alisema. "Kama kwa sababu hiyo hatibiki, niambie sasa hivi, nikatafute daktari mwingine."

Daktari aliushika ule mkono akautazama pande zote. "Ameungua kwa sababu anaanguka, na anaanguka kwa sababu hana dawa inayomfaa," alisema. "Moto haujafunga kitu, mama. Tunaanza leo."

Kuanguka hakukukoma mara moja. Dawa iliongezwa, ikabadilishwa, na mama hakukosa siku ya kurudi hata wakati wa mvua zile zinazoharibu barabara. Taratibu vipindi vya kuanguka vikapungua, kisha vikaisha, na Vero akarudi darasani na watoto waliokuwa wadogo kwake. Mpaka leo anameza vidonge vyake. Anapika mwenyewe.

 Asubuhi moja nilikuwa nafagia uwanja nikamwona bibi anakuja na jirani aliyebeba mtoto, mguu wa mtoto umefungwa bendeji kwa kuungua. Waliamkiana na mama, kamwene, kamwene, kisha bibi akasema, "Mwambie huyu, yule daktari wa Makambako anakuja siku gani."

Siku hizi watu hucheka wakinisikia nikisimulia habari za ugonjwa kufungwa na moto. Mimi simcheki bibi yangu. Katika maisha yake yote aliona kwa macho yake kwamba walioangukia moto hawakupona, na hakukosea, kwa sababu baada ya moto hakuna aliyewapeleka popote tena. Alichokuwa hajawahi kukiona ni mzazi anayeendelea kutafuta.